Land Rover Series III ya marehemu baba: nilitaka ndani irudi kama ilivyotoka kiwandani, nimekabidhiwa gari lililoharibiwa

Wakuu, gereji siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua. Ila kilichofanyika ndani ya gari langu lazima nikiseme, maana naamini wapo wengi waliofanyiwa hivi wakanyamaza.

Gari ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli, usukani kulia. Ilikuwa ya baba, aliitumia shambani Karatu mpaka alipofariki. Injini iko vizuri, chesesi nzima, bodi ya aluminiamu haina tatizo. Kilichochoka ni ndani: viti vimechanika, waya zimekatikakatika, baadhi ya swichi hazishiki. Tuliandikishana kabisa. Viti vishonwe upya kwa reksini nyeusi juu ya fremu zilezile, waya zibadilishwe kwa kufuata rangi zake, swichi na geji zifunguliwe zisafishwe. Kikipatikana kitu kisichotengenezeka, nipigiwe simu kwanza. Simu nilizopigiwa zote zilikuwa za kuniomba niongeze hela.

Viti vya asili havipo. Nimewekewa viti vya Noah! Anayeijua Series ataelewa kwa nini nimepandwa na hasira. Kwenye 88 ya usukani kulia, tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva. Mto wa kiti unaunyanyua kwa mkono tu, chini yake kuna mfuniko wa bati, ukiutoa unakutana na tangi na floti yake, ile inayopima petroli iliyobaki. Jamaa hawa wamechukua drili wakatoboa hapohapo, juu ya petroli, ili wapate pa kufungia reli za viti vya Noah. Yaani cheche moja tu ingetosha. Na sasa floti ikisumbua, siifikii mpaka nifungue kiti kizima kwa spana. Halafu bolti walizotumia ni za chuma, zimekandamizwa moja kwa moja kwenye aluminiamu bila washa wala chochote cha kutenganisha. Chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe na kuacha tundu. Tunaishi Dar, hewa yenyewe ina chumvi.

Nilipouliza viti vyangu viko wapi, nikajibiwa, "Bosi, vile vilikuwa vibovu, tulimpa mtu wa skrepa." Nani aliwapa ruhusa? Reksini na sponji nilikubali vitupwe. Fremu zilikuwa nzima, na ni mali ya mtu.

Njooni kwenye geji. Nyuma ya dashibodi ya Series III kuna kidude kidogo kinachoshusha umeme na kuutuliza kwenye volti 10 kabla haujafika kwenye geji ya mafuta na ya joto. Hizi geji zina kibati ndani kinachopinda kwa joto la umeme unaopita, ndiyo maana mshale unapanda polepole. Ukizipa umeme wa betri moja kwa moja, ambao gari likiwa linachaji unafika volti 14, zote mbili zinasoma juu kuliko ukweli. Fundi umeme wao alikiona kile kidude, akaamua hakina kazi, akakitoa na kuunganisha moja kwa moja. Matokeo yake petroli iliniishia Mlandizi usiku nikiwa na mke na watoto, mshale uko karibu na robo. Ya joto nayo inakaa karibu na nyekundu wakati injini haina shida yoyote. Siku injini ikichemka kweli, nitajuaje?

Waya ndizo zinaninyima usingizi. Magari ya Kiingereza ya zama zile yana utaratibu wa rangi: kahawia ni umeme unaotoka betri bila kupita swichi, nyeupe unakuja ukifungua ufunguo, kijani ni ule uliokwisha kupita kwenye fyuzi, nyeusi ni athi. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia, chenye mstari wa zambarau ni taa za breki. Fundi yeyote mwenye mchoro angeweza kufuata. Hawa wametandika waya nyekundu tupu kuanzia mbele hadi nyuma, nyingine zimezungushiwa tepu tu, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi. Kukiwa na shoti ndani ya dashibodi, waya ipi ni ipi?

Usukani mkubwa wa asili wameutoa, wakaweka kile kidogo cha magari ya mbio. Series haina pawa stelingi! Ule ukubwa ndio unaokupa nguvu ya kukata kona gari likiwa taratibu. Mke wangu alikuwa anaiendesha hii gari vizuri tu, sasa hawezi kuiegesha.

Vile vishikio viwili, cha njano cha kubonyeza chini kuingiza foo-wili na chekundu cha kuvuta nyuma kuingia gia nzito, wamevipaka rangi nyeusi vyote "ili vifanane na viti". Dashibodi wameikata kwa msumeno kupachika skrini ya muziki ambayo sikuiomba.

Arusha mwaka 2024 Land Rover zilijaa barabarani kwenye tamasha, watu wakashangilia magari ya wazee wao. Yangu ilikuwa iende siku moja.

Hela iliyobaki silipi. Wao wanashikilia kadi ya gari. Naomba msaada kwa wanaojua: kwa makubaliano ya maandishi na picha za kabla na baada ninazo, nianzie Mahakama ya Mwanzo au polisi kwanza kwa ajili ya ile kadi? Mwenye fremu za viti vya mbele na usukani wa asili wa Series III, hata kama vimechakaa, aje PM nivinunue. Na kama kuna fundi umeme anayefanya kazi kwa mchoro, aniandikie. Gari nimelipaki, betri nimeichomoa, na haitawashwa mpaka waya zote zitolewe.