Uzamili wa kozi, uzamili wa tasnifu au PhD moja kwa moja (uhandisi mitambo): nichukue ipi?

Chumakizito
Heshima kwenu wakuu. Nina barua tatu za udahili mkononi, zote za uhandisi mitambo. Ya kwanza ni uzamili wa kozi tupu, mwaka 1. Ya pili ni uzamili wa tasnifu, miaka 2. Ya tatu ni PhD moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Natakiwa kujibu ndani ya siku 14. Wanaozifahamu programu hizi kwa undani, ipi ni bora?

NatiNaBolti
Mkuu, bora kwa kazi gani? Hujasema nani analipa ada. Hujasema kama msimamizi ameshapangwa au utapangiwa ukifika. Hujasema unalenga ofisi ya usanifu, kiwanda au utafiti. Bila hayo matatu tutakuwa tunabahatisha.

Kipimio
Naongeza la nne: mada. "Uhandisi mitambo" ni bahari. Tasnifu ya kupima uchovu wa metali (inavyopasuka kwa mzigo unaorudiwa mara nyingi) na tasnifu ya udhibiti wa roboti zina ratiba tofauti kabisa, hata zikiwa idara moja, korido moja. Funguka, mdau.

Boriti_Ndefu
Wakati tunamsubiri, niseme moja. Uzamili wa kozi unadharauliwa bure. Programu ya krediti 30 ni kozi 10 za krediti 3. Krediti 1 huhesabiwa saa 1 ya darasani kwa wiki na takriban saa 2 za kujisomea, kwa hiyo kozi 3 kwa muhula ni saa 27 kwa wiki, na kozi 4 ni 36. Ukitaka kumaliza ndani ya mwaka, utabeba 4, kisha 4, kisha 2 za kiangazi. Inawezekana, ila angalia jambo ambalo wengi hawaliangalii mapema: ratiba ya kozi yenyewe. Idara nyingi hutoa kozi za juu, kama mekanika ya mpasuko au mtetemo usio mstari, mwaka mmoja na kuziruka unaofuata. Omba orodha ya kozi zilizofundishwa kweli miaka 2 iliyopita, achana na orodha ya kwenye kijitabu. Kozi unayoitaka ikiangukia mwaka wa kurukwa, programu ya mwaka 1 haitakungojea.

Chumakizito
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Maelezo haya hapa:
Wa kozi: ada natoa mwenyewe, hakuna msimamizi, mwisho kuna mradi mdogo wa krediti 3.
Wa tasnifu: ada imesamehewa na kuna posho ya msaidizi wa utafiti, saa 20 kwa wiki. Msimamizi yupo. Mada ni uchovu wa viungo vya alumini vilivyolehemiwa.
PhD: ufadhili wa miaka 5, msimamizi nitachagua baada ya muhula wa kwanza.
Lengo langu ni kazi ya usanifu na uchambuzi wa miundo, ila mlango wa utafiti sitaki kuufunga.

Kipimio
Ahsante, sasa tunaongea. Hapo kwenye alumini nisimame kidogo, maana hesabu yake watu huipuuza mpaka iwakute.

Kuna mwanafunzi wa kikundi kimoja cha mekanika ya vifaa aliyechukua mada inayofanana sana na hiyo. Alipanga sampuli 24 na kuhesabu kila moja mizunguko ya mzigo 1,000,000 kwa kasi ya mizunguko 10 kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 100,000, karibu saa 28. Sampuli 24 zingechukua siku 28 za mashine. Kwenye pendekezo la utafiti ilionekana safi na kamati ikapitisha.

Tatizo la kwanza: alumini haina kikomo cha uchovu (mkazo ambao chini yake haivunjiki hata mzigo ukirudiwa sana) kilicho wazi kama vyuma vingi vya kaboni. Mchoro wa mkazo na mizunguko unaendelea kushuka, kwa hiyo kwenye mikazo ya chini unalazimika kwenda mpaka mizunguko 10,000,000. Kwa kasi ileile ya 10 kwa sekunde, sampuli moja inakaa kwenye mashine siku 11 na nusu. Nane kati ya zile 24 zilikuwa za mikazo ya chini. Hizo 8 peke yake ni siku 93, na mashine ilikuwa inagawanywa na watu watatu. Zidisha kwa 3, ni miezi 9.

La pili: sampuli 6 za mwanzo zilivunjika kwenye taya za mashine, hazikuvunjika kwenye mshono. Taya ya juu na ya chini hazikuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kila mvuto uliingiza mkunjo wa ziada pale sampuli inaposhikwa. Ukitazama uso wa mpasuko unaliona wazi: ufa umeanzia pembeni, kwenye alama za meno ya taya. Data zote 6 zikatupwa. Kupanga taya upya, kubandika geji za kupima mnyumbuko kwenye sampuli ya majaribio na kuthibitisha mkunjo umeshuka kulikula wiki 3.

La tatu: akataka kupandisha kasi hadi 30 kwa sekunde. Mashine ya haidroliki haikuweza kushika mzigo aliouhitaji kwa kasi hiyo, kwa sababu pampu ina kiasi chake cha mafuta kwa dakika. Ukiongeza kasi, safari ya silinda inapungua. Akaishia 15.

La nne: mwezi wa 14 msimamizi akahamia chuo kingine na ruzuku yake. Mashine ilibaki, lakini cheti cha usahihi wa kipima mzigo kikaisha muda na hakukuwa na fungu la kukihuisha. Alimaliza mwezi wa 35 akiwa na nukta 16 kwenye mchoro. Programu ilikuwa ya miezi 24.

Kwa hiyo Chumakizito, kabla ya kujibu barua, muulize msimamizi: mashine ni ya nani, inagawanywa na wangapi, kasi yake kwa mzigo wako ni ipi, sampuli analehemu nani, na kama zimeshakatwa.

MwanaVimiminika
Ndiyo maana nawaambia watu wachague tasnifu ya kompyuta. Hakuna taya, hakuna pampu, unafanya kazi usiku na mchana. Amuombe msimamizi amgeuzie mada iwe ya uchambuzi wa elementi finiti, yaani kugawa kiungo vipande vidogo kwenye kompyuta na kukokotoa mkazo wa kila kimoja.

Kipimio
Mkuu, hapana. Kompyuta nayo ina foleni yake. Ukipunguza ukubwa wa elementi kwa nusu kila upande katika vipimo 3, idadi inapanda mara 8. Kama unatumia mbinu ya wazi ya hatua za muda, na hatua nayo inapungua nusu, kwa hiyo gharama ni mara 16. Kamati makini itakudai angalau ukubwa 3 wa gridi (mtandao wa elementi) kuonyesha jibu limetulia. Hesabu iliyokwenda saa 6 kwenye gridi ya kati itakwenda siku 4 kwenye gridi nyembamba, na ikikwama siku ya tatu unaanza upya. Na kwenye mshono wa kulehemu kuna ncha kali: mkazo pale unapanda kila unapopunguza elementi na hautulii kamwe. Mwanafunzi asiyejua hilo anapoteza muhula mzima akidhani gridi yake ndiyo mbovu.

MwanaVimiminika
La ncha kali nakubali, dawa yake ni kutumia mkazo wa kimuundo unaosomwa umbali fulani kutoka mguu wa mshono (pale mshono unapokutana na bamba). Lakini bado nasimamia hoja yangu: kosa la kompyuta unalirekebisha leo, sampuli ikivunjika vibaya hairudi.

Mshazari
Wakuu, mnamwacha mwenye uzi njiani. Nirudi kwenye barua zake.

Uzamili wa tasnifu usome kuanzia mwisho kurudi nyuma. Mwezi wa 24 ni nakala ya mwisho yenye saini zote. Utetezi uwe wiki 4 kabla, kwa sababu karibu kila mtu hupewa masahihisho. Kamati ipate nakala wiki 2 kabla ya utetezi. Msimamizi apate rasimu kamili wiki 6 hadi 8 kabla ya kamati. Kuandika kwenyewe tenga miezi 2. Maana yake data iwe imekamilika mwezi wa 18 hivi. Kozi 8 zinakula mihula 2 ya kwanza, karibu miezi 9. Unabaki na miezi 9 ya maabara, na ndani yake agizo la kifaa kutoka nje linaweza kuchukua wiki 12 mpaka 20. Kwa alumini ya Kipimio, hiyo miezi 9 haitoshi kama sampuli hazijakatwa siku unayofika.

Jambo jingine: ukianza na tasnifu halafu ukahamia kozi tupu, krediti za tasnifu kwa kawaida hazigeuki kuwa za kozi. Krediti 6 ulizolipia au kulipiwa zinapotea, unaongeza kozi 2. Ukitoka kozi kwenda tasnifu hupotezi kozi, ila unapoteza muda, na msimamizi hana fungu lako.

Kamati_ya_Watatu
PhD moja kwa moja naona hamjaigusa. Hapo kizingiti ni mtihani wa kufuzu, mara nyingi mwaka wa kwanza au wa pili. Uliza mambo manne: ni wa kuandika au wa mdomo, masomo mangapi, unaruhusiwa mara ngapi (mara 2 ni kawaida), na ukishindwa unaondoka na nini. Kama kitabu cha kanuni kinasema unapewa shahada ya uzamili ukishatimiza krediti, sawa. Kama inategemea huruma ya idara, ombi lako liwe kwa barua pepe na jibu ulihifadhi.

Kuhusu kuchagua msimamizi baada ya muhula: ni nafasi nzuri, lakini kitu "kimefadhiliwa miaka 5" kina matabaka. Mwaka wa 1 huenda idara inalipa. Kuanzia wa 2 inategemea ruzuku ya msimamizi utakayempata. Muulize mratibu: ikitokea hakuna mwenye fungu kwenye eneo langu, nani analipa? Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Boriti_Ndefu
Wengi wanashauriana waingie PhD, wachukue uzamili uliofadhiliwa njiani, watoke. Chumakizito anataka usanifu, njia ndiyo hiyo.

Kamati_ya_Watatu
Hapo tunatofautiana kabisa. Msimamizi anapanga ruzuku ya miaka 3 au 4 juu ya mtu mmoja. Ukitoka mwaka wa 2 kwa mpango uliokuwa nao tangu mwanzo, mradi unasimama, na barua ya mapendekezo utakayohitaji inatoka kwa mtu huyohuyo. Kubadili nia ni haki yake, kuingia kwa nia hiyo si sawa.

Boriti_Ndefu
Idara nazo hudahili zikijua baadhi watashindwa mtihani wa kufuzu. Mzigo usibebeshwe mwanafunzi peke yake.

NatiNaBolti
Kuhusu usanifu: angalia usajili wa kitaaluma mapema. Mkataba wa Washington wa 1989 unahusu kutambuliana kwa shahada za kwanza za uhandisi zilizoidhinishwa. Uzamili hauzibi pengo kila mahali. Na majina yanachanganya: kwa Uingereza MEng kwa kawaida ni shahada iliyounganishwa, mtu anaanza moja kwa moja akitoka sekondari; kwa Marekani MEng ni uzamili wa kitaaluma, mara nyingi wa kozi. Mwajiri anayesoma wasifu wako anaweza kuelewa kingine. Kwa Ulaya nako hesabu ya krediti ni tofauti: 60 kwa mwaka, kila 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi. Usilinganishe 30 ya huku na 60 ya kule kwa namba tupu.

Na hizo siku 14: kama mojawapo ni chuo cha Marekani kilichosaini azimio la Baraza la Shule za Uzamili, ofa yenye ufadhili hailazimiki kujibiwa kabla ya 15 Aprili. Ukiwa na ofa ya namna hiyo, andika kwa adabu uombe muda mpaka tarehe hiyo.

Chumakizito
Nimemwandikia msimamizi wa tasnifu leo. Amejibu haraka: mashine ni ya idara, inagawanywa na watu 4, kasi hajaitaja. Sampuli anasema "zitatengenezwa". PhD mratibu bado kimya.

Kipimio
Watu 4 ni habari nzito. Muombe jina la fundi wa maabara, umwandikie yeye. Fundi ndiye anayejua mashine imesimama siku ngapi mwaka huu. Na hilo la "zitatengenezwa" libadilishe liwe tarehe. Uliza pia bamba litakatwa kwa mwelekeo gani wa kuviringishwa. Mshono ukiwa sambamba au mtambuka, matokeo yanatofautiana, na ukichanganya bila kuandika huwezi kuzitenganisha tena.

Mshazari
Na aombe wawili kati ya wanafunzi wake waliomaliza. Swali moja tu kwao: ulimaliza mwezi wa ngapi?

MwanaVimiminika
Akienda huko, aanze kuandika kwa LaTeX (programu ya kupanga maandishi na milinganyo) tangu siku ya kwanza. Tasnifu yenye milinganyo 100 kwenye Word, namba za milinganyo zikihama, ni kilio.

NatiNaBolti
Word ikitumiwa na mitindo na marejeo ya ndani haina shida hiyo. Wasimamizi wengi wa uhandisi wanasahihisha kwa kufuatilia mabadiliko, na kwenye LaTeX hawatakufuata. Muulize kwanza yeye anasahihisha wapi.

MwanaVimiminika
Wasimamizi wanasahihisha kwenye PDF pia, mkuu. Na je, ukingo wa kushoto wa kujalidi idara yake inataka milimita ngapi? Mwenye kiolezo kinachokubali 38 anisaidie, langu linasogeza namba za kurasa.

Chumakizito
Fundi amejibu. Mashine inafanya kazi, lakini kipima mzigo kimepelekwa kuhakikiwa na hakijarudi. Nimemuuliza kilipelekwa lini.