C imejaa, D ina nafasi: nisafishe, nigawe diski upya au ninunue SSD?

Mpigapicha wa Kisasa

Wakuu, habari za jioni. Wenyeji wa Dodoma, mbukwenyi.

Mashine ninayofanyia kazi za harusi na kwaya imenigomea. Ina diski moja ya GB 500, ile ya kuzunguka, na fundi aliyeipiga Windows aliigawa vipande viwili: C ikapata GB 97, zilizobaki zote akazipa D. Sasa C iko nyekundu, imebaki na GB 1.8. D ina GB 120 tupu, inanitazama tu. Premiere, programu ya Adobe ninayohariria video, ikifika katikati ya kutoa video inaniambia nafasi haitoshi, na wikiendi hii nina send-off Area D, kisha kuna kwaya inazindua albamu.

Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kasema nipakue programu ya kusafisha, mwingine nipunguze D niiongezee C, wa tatu anataka ninunue diski ya nje, fundi wa mtaani anasema SSD tu, ile diski isiyozunguka, na mdogo wangu aliyeko chuo kikuu, UDOM, anasema nirushe kila kitu Google. Mfuko unaruhusu kimoja. Ingekuwa ninyi mngeanza na kipi?

Ni Windows 10, RAM GB 8.

Chimwaga Tech

Mkuu, usinunue kitu bado. Jua kwanza nani anakula. Pakua WizTree, ni programu ya MB chache tu, ifungue kama admin, chagua C, bonyeza Scan. Yenyewe inasoma moja kwa moja daftari la faili la NTFS, mfumo ambao Windows hupangia faili kwenye diski, badala ya kuzunguka folda moja moja, kwa hiyo hata diski ya zamani haikuchukulii muda. Utaona visanduku vya rangi. Kilicho kikubwa ndicho kinachokumaliza. WinDirStat nayo ni ya bure na inafanya kazi hiyohiyo.

Programu za kusafisha kwa bofya moja mimi sizigusi. CCleaner yenyewe, na jina lake lote lile, mwaka 2017 toleo la 5.33 lilitoka likiwa limepandikizwa programu haribifu na wahalifu waliopenya kwa watengenezaji. Waliolipakua walizidi milioni 2. Halafu huko kusafisha registry, daftari la mipangilio ya Windows, wanakokunadi hakukurudishii hata nafasi ya video moja ya keki. Windows ina Disk Cleanup yake, iandike kwenye kutafuta, kisha bonyeza Clean up system files ndipo ikuoneshe mabaki ya masasisho na folda ya Windows.old kama ipo.

Kwa kuwa unatumia Premiere, mimi macho yangu yangeenda kwenye AppData\Roaming\Adobe\Common. Rudi na majibu.

Mama Steshenari

Naongezea hapo kwa Chimwaga. Kwenye Disk Cleanup soma kila tiki kabla ya kubonyeza OK. Kuna matoleo ya Windows 10 yaliingiza Downloads kwenye ile orodha, na watu hutia tiki zote kwa kudhani yote ni takataka. Mimi niko Ng'hong'honha, wateja wangu ni wanafunzi. Wanafungua barua pepe, wanapakua, wanachapisha, wanaondoka. Wiki ya pili anakuja mtu, "Mama, ile ripoti yangu ya field bado ipo?" Ipo Downloads, ndiyo nakala pekee aliyobaki nayo duniani!

Kwa mashine za dukani nimewasha Storage Sense, kile kipengele cha Windows cha kujisafisha: Recycle Bin ijisafishe kila baada ya siku 30, lakini Downloads nimeiwekea Never. Kwa kazi ya video sidhani kama itakutosha, wewe unatengeneza uchafu kwa kasi kuliko sisi.

Fundi Sabasaba

Mpigapicha, nakwambia kama fundi: diski ya kuzunguka na Premiere haviendi pamoja. Hata ukisafisha C ing'ae, utakuwa umepata nafasi na bado unasubiri. Weka SSD ya SATA ya inchi 2.5, ndiyo inayoingia pale ilipo hiyo uliyonayo. Kama mashine ina sehemu ya DVD, tunaitoa tunaweka fremu, diski yako ya GB 500 inakaa humo kama ghala. Pima unene kabla ya kununua, fremu ziko za milimita 9.5 na za 12.7, watu wengi wanarudi dukani kwa hilo tu.

Bint Kondoa

Fundi, yeye amesema mfuko unaruhusu kimoja na kazi ni wikiendi hii. Kumfungua mashine na kumpiga Windows upya Alhamisi ni kumtakia mema kweli?

Na huyo mdogo wako wa UDOM, mpe hesabu hii. Google bure ni GB 15, na ndani yake wamo Gmail, Drive na Photos wote wanagombania. OneDrive bure ni GB 5. Tuseme umelipia nafasi zaidi na una GB 200 za kupandisha. Intaneti ya kupandisha kwa Mbps 5, ikienda bila kuyumba hata sekunde, ni saa 89. Karibu siku nne mchana na usiku, bando linalia. Mtandaoni weka picha ulizokwisha kuzichagua na video zilizokamilika, siyo mafaili ghafi ya kamera.

Mpigapicha wa Kisasa

Nimerudi. WizTree imenivua nguo. Kwenye C:

Media Cache Files za Adobe, GB 31. Folda ya Telegram Desktop ndani ya Downloads, GB 14, humo kuna muvi na midundo ambayo sikumbuki hata nilipakua ya nini. hiberfil.sys, GB 3 na ushee. Folda ya Windows ni GB 26. Windows.old haipo.

Nikifuta hizo GB 31 za Adobe miradi yangu itaharibika? Nina harusi ya watu wa Ilazo sijakabidhi.

Chimwaga Tech

Haitaharibika. Hizo ni faili Premiere inazojitengenezea ili sauti na video zicheze haraka. Ukiona zinaishia na .pek au .cfa ni michoro ya sauti na sauti zilizobadilishwa umbo. Mradi wako ni ile .prproj, na video halisi ziko ulikozimwaga kutoka kwenye kadi. Ukifuta, utakapofungua mradi wa Ilazo mara ya kwanza itakaa inatengeneza upya, we nenda kanywe chai.

Ila usiende kuzifuta kwa mkono huko AppData. Fungua Premiere bila kufungua mradi wowote, nenda Edit, Preferences, Media Cache. Kwanza bonyeza Browse, elekeza folda mpya kwenye D, mfano D:\KasheAdobe. Halafu bonyeza Delete, chagua kufuta zote. Bila mradi kufunguliwa ndipo chaguo la zote linapopatikana. Chini yake kuna sehemu ya kujifuta zenyewe zikipita siku kadhaa, iwashe. Hapo umerudisha theluthi ya C bila kutoa shilingi.

Telegram nayo: Settings, Advanced, badilisha mahali pa kupakulia iwe D.

hiberfil.sys ni ya kulaza mashine. Ukiandika powercfg /h off kwenye Command Prompt ya admin inaondoka yote.

Bint Kondoa

Hiyo ya mwisho sikubali kwa mtu anayehariri kazi za watu. Hibernate ndiyo inayomwokoa umeme ukikatika na betri ikaelekea kuisha: Windows inaandika kila kilichoko kwenye RAM kwenye diski kabla ya kuzima. Ukiizima unapata GB 3 na unapoteza hilo, tena na Fast Startup, ile ya kuwasha mashine haraka, inaondoka nayo, kwa hiyo diski yake ya kuzunguka itawaka polepole zaidi. Amesharudisha GB 45, hizo tatu za nini?

Chimwaga Tech

Nakubali kwa upande wa betri. Mimi mashine yangu ni ya mezani, nina UPS.

Mzee wa Bahi Barabarani

Vijana, mnazungumza mitambo tu. Mimi namuuliza mwanangu: hiyo D ya GB 360 na ushee imejaa nini?

Mpigapicha wa Kisasa

Shikamoo mzee. Ni harusi za nyuma, ghafi zote. Nyingine za 2019.

Mzee wa Bahi Barabarani

Marahaba. Hao wa 2019 wana watoto wa shule sasa! Mwenye harusi alikwishapewa kazi yake na akalipa. Andika kwenye makubaliano na mteja kwamba video ghafi unazitunza miezi sita, au mitatu, utakavyoona, baada ya hapo aje na diski yake achukue au uzifute. Wengine watakulipa uwatunzie. Nilikuwa mtunza kumbukumbu ofisini miaka mingi, kila jalada lina muda wake wa kukaa, muda ukiisha linaondoka. Usipopanga hivyo hata ukinunua TB 4 itajaa.

Mama Steshenari

Mzee umeniamsha. Naenda kubandika tangazo dukani leo hii.

Nkuhungu Kwetu

Wakuu mnamchosha jamaa. D ina nafasi, C haina, apunguze D aiongezee C, dakika mbili kwenye Disk Management. Right click, Shrink, Extend, kwisha.

Fundi Sabasaba

Nkuhungu, ungejaribu kwanza ndipo uandike. Disk Management inaongeza C kwa nafasi tupu iliyopakana nayo upande wa kulia tu. Ukikata D, nafasi inatokea mwishoni mwa D, siyo mwanzoni. C na nafasi yake wanaishia kutazamana na D imekaa katikati, na kitufe cha Extend kinabaki kijivu. Mashine nyingine zina kijipande cha recovery, cha kuokolea Windows ikiharibika, palepale baada ya C, hicho nacho ni ukuta.

Ili isogee inabidi utumie GParted au programu nyingine ya kugawa inayohamisha D nzima kwenda kulia, data kwa data. Kwenye diski ya kuzunguka yenye GB 240 za kazi hiyo inaweza kula saa nyingi, na umeme ukikatika katikati na betri imechoka, harusi zote umezipeleka makaburini. Nimeletewa mashine za namna hiyo. Bila nakala pembeni usiguse.

Njia rahisi ni kuhamisha folda. Bofya kulia Videos, Properties, Location, Move, ielekeze D:\Video. Fanya hivyo kwa Downloads na Documents pia, kila moja na folda yake. Usiielekeze D:\ tupu, Windows itaichukua D yote kuwa ndiyo Documents na kuirudisha ni usumbufu. Program Files na AppData usizikate ukazibandika kwingine, programu zitakataa kufunguka.

Bint Kondoa

Hapo kwa Fundi natia sahihi. Kwa hiyo kwa wikiendi hii: hamisha kashe, yaani zile Media Cache za Adobe, hamisha folda, basi. Mwezi ujao ndiyo SSD au diski ya nje?

Kura yangu ni diski ya nje kwanza. SSD inampa kasi, lakini kazi za wateja hivi sasa ziko kwenye diski moja, iliyotumika, inayobebwa kwenye bodaboda. Ikifa leo, zinakufa zote.

Fundi Sabasaba

Mimi bado SSD. Lakini ukinunua ya GB 256 jua kwamba Windows itakuonesha 238, na Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida haikubali kunakili diski kubwa kwenda ndogo, kwa hiyo ni kupiga Windows upya. Hapo tena uangalie kama mashine inapokea Windows 11, kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Kwa sababu hizo nakubali isubiri, siyo kwa sababu haifai.

Ukichukua ya nje, ifomati exFAT au NTFS. Zikija na FAT32 hazipokei faili moja inayozidi GB 4, na video ya ibada nzima inapita hapo. Ikiwa inazunguka usiinyanyue mezani. Unapohamisha tumia Copy, siyo Cut. Fungua video mbili tatu uone zinacheza, ndipo ufute kule zilikotoka.

Mpigapicha wa Kisasa

Nimefanya. Kashe iko D, Telegram nimefuta karibu yote, C sasa ina GB 47. Mradi wa Ilazo umefunguka, ulijivuta mwanzoni kama Chimwaga alivyosema. Video imetoka mpaka mwisho.

Nakwenda na Bint: diski ya nje ya TB 1 kwanza, na za 2019 nawapigia simu wenyewe. Kuna jamaa pale Majengo ananiuzia flashi ya TB 2 kwa bei ya soda, niichukue iwe akiba?

Chimwaga Tech

Mwambie akusubirishe uipime na H2testw palepale dukani. Hiyo inaandika flashi mpaka ijae halafu inasoma ilichoandika. Za bandia zinajitangaza TB 2 wakati ndani mara nyingi kuna GB 32 au pungufu. Ukipita hapo zinaendelea kupokea faili kwa heshima zote, na ukija kufungua hakuna kitu. Akikataa kupimwa umeshapata jibu.

Nkuhungu Kwetu

Kuijaza TB 2 dukani si atafunga duka naye yuko ndani?

Chimwaga Tech

Haha, siyo lazima ijaze yote. Mwekee GB 64 tu, ya bandia huwa inaumbuka mapema.