Naona saruji inavyotoka dukani, inatosha kununua hisa?

Mama_Hardware: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Kibaha, saruji ya Twiga ikishushwa asubuhi jioni imeisha, Dangote nayo wafyatua tofali wanaifuata sana, Simba kwangu wanaulizia wachache. Nina hela nimejichanga nataka kununua hisa, nikawa nawaza mimi saruji naijua kuliko hao wanaovaa tai, si ninunue tu kampuni ya mzigo unaotoka? Mume wangu anasema hisa ni za watu wa benki. Hiki ninachokiona kaunta kina maana au najidanganya?

Daftari: Kina maana sana dada, usikidharau. Bei ya kiwandani ikibadilika wewe unajua siku hiyohiyo, sisi tunakuja kuona kwenye hesabu za kampuni miezi baadae. Ila kwanza uliza kama kampuni yenyewe iko sokoni. Twiga ipo DSE, yaani soko la hisa la Dar es Salaam, itafute kwa jina TPCC. Dangote haipo Dar, hisa zake zinauzwa Nigeria. Na Azam hivyohivyo, nchi nzima tunakula unga wao lakini ile kampuni ni ya familia, hupati hata hisa moja.

Fundi wa Tanga: Mzigo kutoka ni kitu kimoja, faida ni kingine kabisa. Dangote alivyowasha kiwanda Mtwara 2015 bei ya mfuko ikashuka, sisi mafundi tukafurahi, kumbe Tanga Cement wenye Simba walikuwa wamekopa kujenga tanuru la pili la klinka (ile malighafi inayosagwa kuwa saruji), miaka iliyofuata wakaandika hasara na huku kwetu saruji yao inanunuliwa vizuri tu. Kwahiyo dada angalia kiwanda kinauza kwa bei yake au kinagawa punguzo kwa mawakala ili mzigo usogee, hapo kaunta ndo panaona kabla ya mtu yeyote. Alafu ripoti ya mwaka ipo bure mtandaoni, nenda moja kwa moja kwenye madeni.

Mkenya Mwenzenu: Huku kwetu sukari ya Mumias ilikuwa kila nyumba, watu wakanunua hisa wakijua haiwezi kuanguka, 2019 benki ya KCB iliyokuwa inaidai wakaiweka chini ya mrasimu, yaani mtu anayeshika kampuni ili deni lilipwe. Safaricom nayo 2008 iliuzwa shilingi 5, watu wengi washaanza kutumia M-Pesa, lakini bei ikateremka chini ya 3 na wengi wakauza kwa uchungu, waliovumilia wakaiona ikipita 40 mwaka 2021. Wote waliona kitu cha kweli, ila mmoja hakuuliza madeni na mwingine hakuwa na subira.

Mama_Hardware: Asanteni sana jamani. Hapo kwenye punguzo mmenishtua, kuna wakala siku hizi ukichukua lori zima anakuongezea mifuko ya bure, mi nilijua ni dalili nzuri. Na nikitaka kununua naanzia wapi?

Daftari: Nenda kwa dalali wa hisa akufungulie akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, au tumia Hisa Kiganjani, programu ya DSE kwenye simu. Gawio, ile sehemu ya faida kampuni inayokulipa, litakatwa kodi asilimia 5. Kazi iko kwenye kuuza, kuna hisa pale DSE zinakaa siku nyingi bila mnunuzi, kwahiyo ada ya watoto usiiguse. Na hiyo mifuko ya bure iandike, tarehe na ilikuwa mingapi, halafu waulize wenye maduka wa Mlandizi na Chalinze kama na wao wanapewa, ukipata jibu turudishie hapa kabla hujanunua.