SPSS (programu ya takwimu) ya chuo nikiwa nyumbani Likoni, yawezekana?

mwana_likoni: Salaam jamani, nina data ya projekti, dodoso za wavuvi, na SPSS iko labu ya chuo peke yake, labu yenyewe yafungwa mapema na mie bado nina feri ya kuvuka. Kuna njia ya kuipata kwa laptopu yangu? Kuna mtu kanambia nichukue ya flashi mtaani.

bi_takwimu: Ya flashi wacha kabisa yakhe, utaletewa virusi ulie na data yako. Waulize watu wa kompyuta hapo chuo leseni yenu ni ya aina gani, nyingi zafunguka ukiwa ndani ya mtandao wa chuo tu, ama ukiwa nje upitie VPN yao, yaani njia ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa mbali.

kaka_kisauni: Mi naona weka PSPP. Ya bure, yafungua faili za SPSS, zile za .sav, menyu karibu zafanana na zake. Frikwensi, ti-testi, rigresheni ya kawaida, zote zimo. Grafu zake sasa, mmh.

bi_takwimu: Ama JASP, ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, bure pia na majedwali yake safi. Ila supavaiza wako muulize kwanza, wengine bila SPSS hawakusomei.

mwana_likoni: Shukran, kesho namuuliza.