Birika la kuni au jiko dogo la kuni: lipi la kambini na la dharura nyumbani?

Mpandamlima
Wakuu, salaam. Natafuta chombo kimoja tu cha kuni, nitakachobeba kambini na ambacho siku nyingine kitakaa nyumbani kusubiri umeme ukatike. Nimebakiza vitatu: birika lenye bomba la moshi katikati, mfano wa Kelly Kettle; jiko dogo la kuta mbili kama Solo Stove Lite; na lile la BioLite lenye feni na sehemu ya kuchajia simu. Gesi siitaki. Mtungi hauruhusiwi kwenye ndege, na baridi ikifika nyuzi 0 butani hugoma kugeuka mvuke. Waliovitumia hivi vitu naomba uzoefu wenu, hasa siku ya upepo na mvua.

Kijiti Kikavu
Mkuu, jiulize kwanza: siku mambo yakiharibika utahitaji maji au chakula? Mimi najibu maji, ndiyo maana nashikilia birika. Maji yanalizunguka bomba na moto unapita katikati yake, kwa hiyo joto haliponyoki kirahisi. Kwenye jiko la wazi moto unagusa kitako cha sufuria halafu unakimbilia pembeni. Upepo nao, ambao ni adui wa majiko mengi, hapa unafanya kazi yako. Elekeza tundu la kitako, yaani kile kibakuli cha moto kinachokaa chini ya birika, kule upepo unakotoka, bomba litavuta lenyewe hadi uusikie moto unanguruma. Kuni zikiwa kavu, lita moja na nusu inachemka kwa dakika tano hivi, na unachochoma ni vijiti vyembamba, majani makavu na magome, unavidondosha kwa juu kupitia mdomo wa bomba.

Na si chombo cha kujaribiwa jana. Ireland akina Kelly walianza kuyatengeneza miaka ya 1890. New Zealand, John Hart alileta lake, Thermette, mwaka 1929, na wanajeshi wa nchi ile wakaenda nalo hadi jangwani Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mama Wawili
Nakubaliana na Kijiti, ila usalama kwanza, maana birika hili linaunguza watu wasiolijua. Kizibo ni cha kuzuia maji yasimwagike ukiwa njiani. Kabla hujawasha, kitoe! Mvuke ukikosa pa kutokea utakirusha pamoja na maji yanayochemka. Wala usiliweke motoni likiwa tupu: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na maungio yataachia mapema.

Namna ya kuliepua: mpini usisimame wima juu ya bomba hata kidogo, la sivyo mkono wako utakuwa palepale moto unapotokea. Ulaze pembeni, shika ncha zake mbili kwa mikono miwili, inua birika kutoka kwenye kitako, liweke chini. Kumimina ni mkono mmoja kwenye mpini na mwingine unavuta ule mnyororo wa kizibo kwa chini, birika linainama taratibu. Wafundishe hivyo wote nyumbani, watoto wakubwa pia.

Fundi Bati
Jamani, birika halipiki. Kuna vijiguu vya kuwekea sufuria juu ya bomba au juu ya kitako, lakini ni vya kupasha tu, na sufuria ikikaa juu ya bomba huna pa kupitishia kuni. Anayetaka kula, achukue jiko.

La kuta mbili nalipenda kwa jinsi linavyochoma. Hewa inaingia chini. Nyingine inapanda katikati ya kuta, inapata moto, inatokea kwenye vitundu vya juu na kuuchoma moshi kabla haujatoka. Ukiona ndimi ndogo za moto zinachomoza ukutani pande zote, hapo limekolea na moshi karibu hauonekani. Wengi wanajaza kuni hadi zinaziba vitundu vile, kisha wanalalamika jiko linafuka. Solo Lite ina gramu 255 na inaingia ndani ya sufuria. Lita moja ya maji ni dakika 8 hadi 10. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuliacha: kila baada ya dakika chache linataka kijiti.

Unaweza pia kujitengenezea kwa makopo mawili, moja ndani ya jingine. Usitumie tu bati lililopakwa zinki, moshi wake ni sumu.

Taa Gizani
Mimi ninayo BioLite CampStove 2. Joto la moto linageuzwa umeme, umeme unaendesha feni, ziada inaingia kwenye betri. Feni inasaidia kweli kuni zikiwa na unyevunyevu. Kuchaji ni wati 3, kwa hiyo simu inajaa polepole sana na muda wote huo unalisha moto. Kwa taa ndogo inatosha. Ina uzito wa karibu kilo moja, na ikikaa kabatini muda mrefu betri inataka kuchajiwa. Kwa dharura nisingeitegemea peke yake.

Mpandamlima
Asanteni sana. Maswali mawili: kuni zikilowa? Na mvua ikizidi, naweza kuwashia barazani au kwenye mlango wa hema?

Mama Wawili
Hema hapana, hata mlangoni. Baraza iliyozibwa hapana. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na makaa yanayofifia bila moshi yanaitoa kwa wingi. Usiyaingize ndani kuota moto, hata kwa dakika mbili.

Kijiti Kikavu
Kuhusu kuni: usiokote za chini. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado limening'inia mtini, lipasue, utumie moyo wake. Mara nyingi maji yameishia kwenye gome. Zaidi ya hapo, weka mfuko wa vibanzi vikavu pamoja na birika, usiuguse siku za kawaida. Hesabu yake ni ndogo. Kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 20 ni kilojuli 335, na kilo ya kuni kavu ina takriban megajuli 16. Hata robo tatu ya joto ikipotea, lita inakula gramu 85 hivi. Kilo moja ya vibanzi ni zaidi ya lita kumi za maji salama.

Yakishachemka kwa kutokota, yaache dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Hilo linaua vijidudu, haliondoi kemikali.

Fundi Bati
Hoja ya maji nimeielewa, kwa dharura naipa birika. Mpandamlima, ukilichukua chukua la chuma cha pua, ni zito kuliko alumini lakini linavumilia mikwaruzo na moto mkali. Na kabla ya safari uliza kanuni za hifadhi unayokwenda. Nyingi hupiga marufuku moto wa kuni wakati wa ukame, hata ulio ndani ya jiko.