Pambo la ukutani lenye umbo la Bukavu: nimalizie vipi kingo za rasi tano?

Sindano_ya_Ibanda (Bukavu)
Jambo wote. Naomba ushauri wa wanaoshona viraka.

Ninamshonea shangazi yangu pambo la ukutani la bitenge. Alikulia Nguba, hapa Bukavu, sasa anaishi Lubumbashi. Umbo lake ni Bukavu ukiitazama kutoka juu: rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, na nyuma yake vilima vya Kadutu vinapanda. Ziwa sikulishona. Ukuta wa sebule yake ni wa buluu, huo ndio utakuwa maji. Kwa hiyo kulizungushia kitambaa liwe mraba sitaki kabisa.

Lina upana wa mita 1.25. Juu ni viraka, katikati blanketi jembamba la pamba, nyuma amerikani, na nimezipitishia zote mistari ya mashini zikashikana. Sasa nimefika kwenye ukingo. Ncha za rasi ni za mviringo, rasi ya La Botte (yaani Buti) ina kisigino chake, na ghuba moja inaishia kwa kona kali ambayo kidole kimoja tu kinaingia. Nimeupima mzunguko wote kwa uzi, unafika mita 6 na nusu. Kwenye kipande cha majaribio, utepe uliokatwa kunyooka unavimba kwenye mviringo na kujikunja ndani ya kona.

Jambo la pili: kaskazini iko juu, kwa hiyo rasi zinasimama wima. Zitainama mbele nikilitundika?

Fundi_Mashini_ya_Miguu (Kadutu)
Dada, kazi nzuri. Tumia biye, yaani utepe wa kufunika ukingo, lakini ukate kitenge mshazari, digrii 45 kutoka kwenye upindo wa kiwandani. Kitambaa cha mshazari kinavutika, kile cha kunyooka hakikubali mviringo. Mraba wa sentimita 70 unakutolea zaidi ya mita 7 za utepe wa sentimita 6, hata ukitoa maungio.

Mimi ninafanyaka hivi: kwenye ncha ya rasi ninalegeza utepe, ndani ya ghuba ninauvuta kidogo tu. Kwenye kona ya ndani piga kwanza mshono wa ulinzi, kata chale hadi karibu na mshono huo, halafu ifungue kona mpaka inyooke chini ya sindano. Ukishapita, irudishe na ukunje utepe vizuri.

Mama_Viraka (Mombasa)
Mwanangu, fundi amesema kweli kuhusu mshazari, na kwa pambo lingine lolote ningekwambia hivyo hivyo. Kwa hili, hapana. Utepe utachora mstari kuzunguka kila ghuba, na wewe unataka ukuta wa buluu uguse nchi kavu moja kwa moja. Malizia kama tunavyomalizia shingo ya gauni.

Tandaza kitambaa chepesi cha pamba juu ya pambo, uso kwa uso. Chora ukingo upande wa nyuma, ushone juu ya mstari huo kuzunguka kote. Punguza akiba, yaani kitambaa kilicho nje ya mshono, ibaki milimita 6, na blanketi ulikate karibu zaidi na mshono ili ukingo usiwe mnene. Kwenye ncha za mviringo toa vipembe vidogo, ndani ya ghuba kata chale. Kisha kitoboe kitambaa hicho katikati, ukate ubakize ukanda wa sentimita 7 kuzunguka, ugeuze nyuma, upige pasi, na ushikize kwa mkono kwa mshono wa siri.

Sindano_ya_Ibanda
Aksanti mama. Ile kona kali haitafumuka nikiikata?

Mama_Viraka
Itafumuka ukishona kwa hatua ndefu. Punguza hatua ya mashini hadi milimita 1.5 unapokaribia, na kwenye ncha yenyewe usigeuze ghafla: piga mshono mmoja wa kukatiza, ndipo ushuke upande wa pili. Kabla ya hapo bandika kwa pasi kipande cha kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, nyuma ya kitambaa cha kugeuzia, pale penye kona. Chale ifike uzi mmoja kabla ya mshono. Wengi huogopa na kuishia mbali, halafu kona inakunjamana hata upige pasi namna gani.

Fundi_Mashini_ya_Miguu
Mama, nakubali kuhusu maji. Lakini njia yako inakula milimita 6 kila upande, na rasi nyembamba itazidi kukonda. Dada, umeshakata ukingo?

Sindano_ya_Ibanda
Bado, nimeacha sentimita 2 nje ya mstari.

Fundi_Mashini_ya_Miguu
Basi fuata njia ya mama. Kama ungekuwa umeshakata, ningeshikilia biye yangu.

Seremala_wa_Virunga (Goma)
Kuhusu kuinama: zitainama, blanketi jembamba halibebi uzito wa rasi. Kata tripleksi, ile mbao nyembamba ya tabaka, ya umbo hilo hilo, dogo kidogo kuliko pambo, ulishikize juu yake.

Sindano_ya_Ibanda
Kaka, litasafiri kwa ndege ndani ya begi.

Seremala_wa_Virunga
Hapo tripleksi hapana. Shona mfuko mrefu wa kulala nyuma, chini kidogo ya ghuba, pale pambo lilipo pana, upitishe fito moja. Hiyo ndiyo itakayokaa kwenye misumari. Kisha kila rasi ipate mfuko mwembamba wa kusimama, kutoka karibu na ncha hadi chini ya fito ile, utie kijiti cha mwanzi kilichopigwa msasa. Vijiti vikatwe huko huko Lubumbashi. Begi libebe kitambaa tu, kikiwa kimeviringwa, viraka vikiangalia nje.

Sindano_ya_Ibanda
Hivyo inawezekana kabisa. Mifuko niishone kabla ya kugeuza au baada?

Mama_Viraka
Baada. Ukishageuza ndipo utaona ukanda wa nyuma unaishia wapi. Ishone kwa mkono, sindano ishike amerikani na blanketi tu, isitokeze mbele. Na kitambaa cha kugeuzia kifue kwanza, kikauke, ukipige pasi ndipo ukikate. Kikija kusinyaa kwa maji baada ya kushonwa, kitavuta ukingo wote ndani.