Vipimo vyote hivi kwa mtoto wa jicho tu?

Kitindamimba: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mama ana miaka 74, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Siku hizi akimimina maji anatumbukiza kidole kikombeni ajue yamefika wapi. Amepangiwa upasuaji wa jicho la kulia, nami nimekabidhiwa karatasi: wingi wa damu, figo, kipimo cha moyo, picha ya kifua. Mara ya mwisho kutolewa damu alichomwa mara nne mshipa hauonekani, akaapa sindano basi. Presha anayo, anameza dawa na imetulia. Sukari hana. Hivi ni lazima kweli, au mazoea?

Nesi wa Macho: Mpe mama shikamoo yangu. Upasuaji huu kwa kawaida si wa nusu kaputi. Wengi tunawatia matone ya ganzi, tunapiga nao soga, dakika 20 hivi kazi imekwisha. Na swali lako liliwahi kufanyiwa utafiti Marekani na Kanada, ukatoka mwaka 2000: pasuaji zaidi ya 19,000, nusu walipimwa kwanza damu na moyo, nusu hawakupimwa. Waliopata matatizo ya kiafya walikuwa kama 31 kwa kila 1,000, pande zote mbili. Ila hata kwa wasiopimwa, mwenye dalili mpya au ugonjwa uliozidi alipimwa, kwa hiyo usijifutie mwenyewe. Muulize daktari: kipi kati ya hivi, majibu yakija mabaya, kitabadilisha atakachomfanyia mama?

Halafu usichanganye na kupima jicho lenyewe, urefu wake na mviringo wa kioo cha mbele. Huko ndiko inakotoka namba ya lenzi atakayowekewa. Hicho hakirukwi!

Mzee Miwani: Mie nilipimwa mpaka mkojo, lakini hakuna aliyeniuliza nameza dawa gani. Kumbe tamsulosini ya tezi dume inalegeza ile sehemu ya jicho yenye rangi. Daktari aliniambia baadaye ilikuwa ikimpepea kama pazia huku anafanya kazi. Angejua mapema angejiandaa. Bebeni dawa zote kwenye mfuko, hata zile za kununua tu.

Kitindamimba: Asante Mzee, mfuko tayari. Daktari kafuta picha ya kifua na damu, kabakiza presha asubuhi ya siku yenyewe na vipimo vya jicho. Mama kakubali, ila kaniuliza mara mbili kama hayo matone ya ganzi yana sindano ndani.